Niliificha Barua ya Mwanangu

Haya ninayoyaandika nimekwisha kuyasimulia mara mbili tu. Mara ya kwanza nilimwambia mwanangu mwenyewe. Mara ya pili niliyasema katika kikundi chetu cha akina mama cha kujifunza Biblia hapa Pasua, Moshi. Sasa nayaandika kwa sababu najua tuko wengi tunaowapenda watoto wetu kwa namna inayowaumiza, huku tukidhani kwamba tunawalinda.

Sisi watu wa Moshi si watu wa bahari. Maji tunayoyajua ni yale yashukayo kutoka mlimani. Wazee wetu walichimba mifereji mirefu iliyopita kihamba hadi kihamba, na huku chini maji hayo yanafika kwenye mashamba ya mpunga kusini mwa mji. Maji ya mfereji yana adabu yake. Unayaziba kwa bonge la udongo na majani ya mgomba, unayageuzia shambani kwako, na zamu yako ikiisha unamwachia jirani. Maji yasiyo na mwisho wala zamu mimi sikuyajua, na yale machache niliyoyasikia yalikuwa yameniachia kidonda.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ilipokuwa inakaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Kaka yangu, aliyekuwa akifanya biashara ya mitumba upande wa Kagera, alikuwa ndani yake. Mwili wake haukupatikana. Tulifanya ibada bila jeneza, na mama yetu akapanda isale kwenye kihamba, mahali ambapo kaburi lingekuwa. Tangu siku hiyo, nikisikia neno meli, moyo wangu unafunga mlango.

Barua

Mwanangu wa pili alimaliza kidato cha nne mwaka 2014. Likizo mbili alikuwa amezitumia Bagamoyo kwa mdogo wangu aliyeolewa huko, na tangu hapo mazungumzo yake yote yakawa ni vyombo vya majini. Alipopata matokeo yake, aliomba nafasi katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam, ambacho wengi wanakijua kwa jina la DMI. Sikumkataza waziwazi. Nilisema tu, "Mungu akipenda." Moyoni nilikuwa naomba Mungu asipende.

Barua zetu zilikuwa zikipitia sanduku la posta la usharika. Siku moja mwezi wa Septemba 2015 nilipewa bahasha yenye jina la mwanangu. Sikuwa na haki ya kuifungua, lakini niliifungua. Alikuwa amepata nafasi. Ilitajwa tarehe ya kuripoti, ada na vitu vya kwenda navyo. Nilifika nyumbani, nikaikunja mara mbili na kuiweka chini ya gunia la mchele stoo.

Jioni aliniuliza, "Mama, umepita kanisani? Hakuna barua?"

"Nimepita," nikamjibu. "Hakuna kitu."

Mimi ni mzee wa kanisa. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa Shule ya Jumapili Amri Kumi, na nikasema uongo huo bila kupepesa macho. Aliniuliza tena wiki iliyofuata, nami nikamjibu vilevile. Baada ya hapo hakuniuliza tena. Tarehe ya kuripoti ikapita. Nilijiambia kwamba nimemwokoa. Baba yao alikwisha kututangulia, kaka yangu alichukuliwa na maji, na mimi sikuwa tayari kumtoa mwingine.

Lakini nyumba ilibadilika. Kijana alikuwa anaamka, anafagia uwanja, anachota maji, anakwenda kumsaidia fundi baiskeli sokoni, anarudi, anakula na kulala. Hakunikosea adabu hata mara moja. Alikuwa anasema "Shikamoo mama" na "Asante mama" kama kawaida, lakini kile kicheko chake hakikuwepo.

Nanga nne

Mwezi wa Novemba kikundi chetu kilikuwa kinasoma Matendo ya Mitume, na Alhamisi moja tukafika sura ya 27. Nyote mnaikumbuka habari hiyo. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi, na chombo kina watu 276. Dhoruba inawapiga siku nyingi, wanatupa shehena baharini, na tumaini la kuokoka linakwisha.

Bibi mmoja wa kikundi chetu, ambaye hata kusoma alijifunza ukubwani, alinyoosha kidole kwenye mstari wa 29. Akasema, "Angalieni watu hawa. Wametupa nanga nne kwanza, ndipo wakaomba kupambazuke. Sisi wengine tunaomba, na nanga tumezikalia."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Niliona kwamba kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nimefanya jambo baya zaidi ya kukalia nanga. Nilikuwa nimezikata kamba za chombo cha mtu mwingine, kisha nikapiga magoti kuombea safari yake.

Jioni ile nilimwita mwanangu jikoni. Nilitoa barua chini ya gunia na kumkabidhi. Nilianza kueleza habari za mjomba wake, za ibada bila jeneza, za hofu yangu. Akanikatiza kwa upole.

"Mama, naijua. Niliiona nilipokuja kupima mchele. Ilikuwa siku ya tatu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri unipe mwenyewe."

Akina mama wenzangu, nimepigwa na mengi katika maisha haya, lakini neno hilo lilinipiga kuliko yote. Mtoto wa miaka 18 alikuwa amekubali kupoteza mwaka mzima kuliko kumwumbua mama yake. Huku kwetu, mtu akimkosea mwenzake sana huenda kuomba msamaha akiwa na jani la isale. Mkubwa kumpelekea mdogo si jambo la kawaida. Nilitoka uani, nikakata jani la isale lililoota ukingoni mwa ua, nikarudi nalo na kumpa mwanangu kwa mikono miwili. Alilipokea. Tulilia, kisha tukala wali uliokuwa umeshapoa.

Bagamoyo

Nafasi ya chuo ilikuwa imepotea kwa mwaka huo. Mwanangu akaomba jambo moja: aruhusiwe kwenda Bagamoyo kwa mama yake mdogo, akajifunze kwa nahodha mmoja mzee aliyekuwa akiwapokea vijana kwenye mashua yake. Nilimfungia nguo na kilo tano za mchele kwa mikono yangu mwenyewe. Alisafiri mwezi wa Desemba, wakati upepo wa kaskazi umeanza.

Mwezi wa Februari 2016 nilimfuata kumtazama. Nilipanda basi Moshi, nikashuka Msata, na kuingia gari jingine la kwenda Bagamoyo. Kesho yake alfajiri mdogo wangu akanipeleka pwani. Maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vingine vimelala ubavu juu ya mchanga kama ng'ombe waliopumzika.

"Shikamoo, Nahodha," nilimwamkia yule mzee.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mama wa Mchagga wetu? Panda basi, uone mwanao anakula nini hapa."

Nilitaka kukataa, lakini mwanangu alikuwa ananitazama. Nahodha alinivalisha jaketi la kujiokoa, nikakunja kanga, nikaingia majini hadi mapajani na kuvutwa juu. Walikuwemo vijana watatu wanafunzi: mwanangu, mmoja wa Bagamoyo hapohapo na mmoja wa Pangani.

Kwanza niliona jinsi mafunzo yenyewe yanavyokwenda. Mwezi wa kwanza wote mwanangu hakuwa ameshika usukani. Kazi yake ilikuwa kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje yale yanayojikusanya ndani chini ya chombo, ambayo wao huyaita ngama. Chombo cha mbao hakikosi kuingiza maji kidogo, na asiyeyafua kila siku atazama bila dhoruba. Alikuwa pia anakoka moto na kupika chai. Baadaye alifundishwa kamba, moja baada ya nyingine, kwa jina na mahali pake, mpaka aweze kuzitafuta usiku kwa kupapasa. Alikatazwa kabisa kuizungusha kamba mkononi au kusimama katikati ya kamba iliyokunjwa, kwa sababu ikivutwa ghafla inaondoka na mtu.

Wakapandisha tanga. Ule mti mrefu unaobeba tanga wanauita foromali, nao ni mzito. Vijana wote watatu waliivuta kamba ya kuupandishia, iitwayo jarari, kwa pamoja, wakiitikia wimbo wa nahodha. Hakuna aliyeweza kuvuta kwa wakati wake. Alfajiri hutoka upepo mwepesi wa bara, wanauita umande, na huo ndio uliotusukuma nje taratibu. Nilianza hata kutabasamu.

Jua lilipopanda, upepo wa bahari ukaingia. Mwanangu alikuwa ameshika demani, yaani kamba ya chini inayozuia tanga lisipeperuke. Alikuwa ameipitisha mara moja kwenye kijiti cha ubavuni na kubaki na ncha mikononi. Ghafla upepo ulitupiga kwa nguvu. Chombo kililala upande mmoja, maji yakaja hadi ukingoni, nami nikaita jina la Yesu kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Mbele ya macho yangu niliiona MV Bukoba.

"Legeza," alisema nahodha. Hakupiga kelele.

Mwanangu alilegeza kamba, kiasi cha mkono mmoja, kisha mkono mwingine. Tanga likatoa upepo, na chombo kikainuka. Akangoja kidogo, halafu akavuta tena polepole. Tukaendelea na safari. Labda jambo lote lilichukua muda wa kusema sala ya kabla ya chakula.

Yule mzee alinigeukia. "Mwanangu, kamba hii haifungwi kwa fundo. Ukiifunga, upepo wa ghafla ukija, chombo kinalala. Ukiiachia yote, tanga linapigapiga, chombo hakiendi, na mawimbi yanakigeuza kama gogo. Hii inashikwa tu. Mwenye kuishika ndiye anayejua lini avute na lini alegeze."

Sikumjibu. Nilikuwa natazama viganja vya mwanangu, vilivyokuwa na malengelenge yaliyokauka. Nilielewa kwamba mimi nilikuwa nimefunga fundo, na kwamba katika ile miezi miwili chombo chetu kilikuwa kimelala upande kikinywa maji.

Akina mama wa kwingine

Niliporudi Pasua nilianza kuuliza na kusoma habari za vijana wanaofundishwa bahari kwa matanga, nikagundua kwamba si wa kwetu tu. Oman wana meli kubwa ya matanga ya jeshi lao la majini kwa ajili hiyo. Inaitwa Shabab Oman, maana yake Vijana wa Oman. Ya kwanza ilijengwa Scotland mwaka 1971, na Oman wakainunua mwaka 1977. Ya pili ilijengwa Romania, wakaipokea mwaka 2014. Nchi zenye meli za injini za kila namna bado zinawapandisha vijana kwenye milingoti ya matanga, kwa sababu huko kijana anajifunza upepo, anajifunza kutii amri kwa wakati, na anajifunza kwamba uzembe wa mmoja unawapata wote.

Habari za pwani yetu nazo zilinishangaza. Mwaka 1840 jahazi kubwa liitwalo Sultana, chini ya nahodha Ahmad bin Naaman, liliondoka Unguja mwezi wa Februari na kufika New York mwishoni mwa Aprili, kwa matanga tu. Tena nikakumbuka kwamba wamisionari wa Leipzig walioanza kazi yao Kilimanjaro mwaka 1893 nao walivuka bahari. Injili niliyobatizwa nayo mlimani ilikuja majini. Kama mama zao wangeficha barua, sijui ningekuwa nani leo.

Lakini sitawadanganya kwamba hakuna hatari. Mwezi wa Desemba 1928 meli ya mafunzo ya Denmark, København, iliondoka Argentina ikiwa na watu 60, wengi wao vijana wanafunzi, na haikuonekana tena. Mwaka 1957 meli ya Wajerumani, Pamir, ilipinduliwa na tufani katika Atlantiki. Kati ya watu 86 waliokuwemo, wengi wao wakiwa wanafunzi, walipona 6 tu. Niliposoma hayo niliwafikiria wale akina mama wa Denmark na Ujerumani, waliofanya nao ibada bila jeneza. Maumivu yetu hayana lugha wala rangi.

Chuoni na baada ya hapo

Mwanangu aliomba tena, na mwaka 2016 akaingia DMI. Chuo hicho kilianza mwaka 1978 kama kituo cha kufundishia mabaharia, na kikawa chuo kamili kwa sheria ya mwaka 1991. Wasichana nao wanasoma huko. Kuna mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978, uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na 2010, na kila baharia anatakiwa kupitia mafunzo ya usalama yaliyomo. Mwanangu alinieleza kwa simu jinsi wanavyoruka majini kutoka juu wakiwa na jaketi la kujiokoa, wanavyogeuza boti la kuokolea lililopinduka, wanavyozima moto na kutoa huduma ya kwanza. Kila alipomaliza kueleza nilihisi kama ameniondolea jiwe dogo kifuani.

Kisha ikaja tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 220 wakafa. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Nilikaa mbele ya redio nikitetemeka kama mwaka 1996. Mwanangu hakuwa huko kabisa, lakini nilimpigia simu usiku ule mara tatu. Aliniacha nilie, halafu akasema, "Mama, chombo kikijazwa kupita uwezo wake, kinapinduka hata siku ya jua. Ndiyo maana wanatufundisha kukataa." Nilimwomba anirudie neno hilo la mwisho. Kukataa. Kumbe kule nilikodhani anakwenda kufa ndiko alikofundishwa kuwakatalia watu wasife.

Leo yeye ni baharia katika meli ya mizigo inayopita pwani yetu. Bado naogopa. Kila upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, mimi niliye mbali na bahari zaidi ya kilomita mia mbili ninaamka usiku. Lakini siku hizi nikiamka nafungua Zaburi ya 107, inayowataja watu washukao baharini kwa merikebu, naomba, kisha narudi kulala.

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayependa njia unayoiogopa, nakuomba mambo machache. Mwambie hofu yako waziwazi, pamoja na sababu yake. Usiifiche hofu wala usiifiche barua. Chunguza ni nani atakayemfundisha, na kama mwalimu huyo anaanza na kufua maji au anaanza na kujisifu. Wafundishe watoto wako wote kuogelea, hata kama mnaishi mlimani. Katika ile Matendo 27 walioweza kuogelea ndio waliotangulia kufika nchi kavu. Na ukifika kivukoni ukakuta chombo kimejaa, baki. Kingine kitakuja.

Ile barua ya mwaka 2015 bado ninayo. Mwanangu alitaka kuitupa, nikamwomba aniachie. Nimeiweka ndani ya Biblia yangu, kwenye Matendo ya Mitume, na bado ina mikunjo miwili niliyoikunja mwenyewe.

Mungu akulindie watoto wako, walio mlimani na walio majini. Amina.